Nyumba yenye baridi: nani anastahili msaada wa serikali wa kulipia joto?

Mtoto anakohoa usiku. Unagusa ukuta wa chumba chake, ni baridi na una unyevu. Mita ya umeme imebakiza pauni tatu na mshahara unaingia keshokutwa. Uwashe hita sasa, au umwongezee mtoto nguo na kusubiri asubuhi?

Mama na walezi wengi wanaoishi Uingereza hujiuliza swali hili kuanzia Novemba hadi Machi. Kama ulikulia Mombasa, Dar es Salaam au Unguja, ulizoea nyumba kama mahali pa kujikinga na jua. Hapa, kwa karibu miezi mitano ya mwaka, nyumba ni mahali pa kujikinga na baridi, na joto lake lina bili.

Serikali hutoa misaada kadhaa ya kulipia joto. Lakini kila msaada una masharti yake, na mara nyingi anayeuhitaji zaidi ndiye asiyejua kuwa upo. Ukurasa huu unaeleza baridi inavyodhuru mwili, misaada iliyopo, nani anaachwa nje na kwa nini, na hatua unazoweza kuchukua wiki hii.

Kwa ufupi:
- Nyumba yenye joto chini ya nyuzi 18 inaweza kudhuru afya, hasa ya mtoto mdogo, mjamzito, mzee na mtu mwenye ugonjwa wa muda mrefu.
- Misaada mingi ya joto haina fomu yake yenyewe. Huja yenyewe ukiwa tayari unapokea mafao fulani, kama Universal Credit au Pension Credit. Kwa hiyo mlango wa kwanza ni mafao hayo.
- Kama viza yako inakukataza kupokea fedha za umma, usijaze fomu ya mafao kabla ya kupata ushauri. Bado ipo misaada mingine unayoweza kuomba.

Baridi hufanya nini mwilini?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kuhusu makazi na afya, lilitaja nyuzi 18 za Selsiasi kuwa kiwango salama cha joto ndani ya nyumba katika nchi zenye majira ya baridi. Watu fulani huumia mapema zaidi joto linaposhuka chini ya hapo.

Mtoto mchanga. Mwili wake ni mdogo, una mafuta machache, na hupoteza joto haraka kuliko wako. Hawezi kutetemeka vizuri ili ajipashe joto, wala hawezi kukuambia kuwa anasikia baridi.

Mtoto mwenye pumu. Hewa ya baridi hubana njia za hewa. Nyumba isiyopashwa joto pia huwa na unyevunyevu, na unyevunyevu huleta ukungu mweusi ukutani na kwenye dari. Chembe za ukungu zikiingia kifuani huweza kuamsha pumu na kuleta kikohozi kisichoisha.

Mwenye selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita siko seli. Familia nyingi zenye asili ya Afrika Mashariki na Kongo zinaujua. Mwili ukipata baridi, mishipa ya damu husinyaa. Chembe za damu zilizopinda kama mundu hukwama ndani ya mishipa hiyo iliyosinyaa, na maumivu makali huanza. Kwa mtoto huyu, joto ni sehemu ya matibabu kama zilivyo dawa zake.

Mzee. Baridi hupandisha shinikizo la damu na kuufanya moyo ufanye kazi zaidi. Vifo vingi vya wazee vinavyotokana na baridi husababishwa na magonjwa ya moyo, kiharusi na mapafu. Wanaoganda kwa baridi ni wachache sana. Ndiyo maana watu wengi hawatambui kuwa baridi ya nyumbani ilichangia.

Mama mwenyewe. Kukesha ukihesabu pauni, kulala watoto wote chumba kimoja, kuogopa bili inayokuja: mambo haya huchosha akili. Mama aliyejifungua karibuni anaweza kuzama katika huzuni kubwa. Hilo nalo ni jambo la kiafya, si udhaifu.

Mwaka 2015 NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba nchini England, ilitaja makundi yanayodhurika zaidi na nyumba baridi. Ndani ya orodha hiyo wamo wazee. Wamo pia watoto wadogo tangu kuzaliwa hadi umri wa kwenda shule, wajawazito, wenye magonjwa ya moyo na mapafu pamoja na watoto wenye pumu, wenye ulemavu, wenye matatizo ya afya ya akili, na watu wenye kipato kidogo. Iweke akilini orodha hii, maana tutailinganisha na orodha ya wanaolipwa.

Ni misaada gani iliyopo?

Uingereza ina England, Wales, Scotland na Ireland ya Kaskazini, na masharti hutofautiana. Viwango vilivyotajwa hapa ni vya majira ya baridi ya 2025 hadi 2026. Majina tumeyaacha kama yanavyoandikwa kwenye barua, ili uyatambue ukiyaona.

Winter Fuel Payment. Haya ni malipo ya joto kwa wazee waliofikia umri wa pensheni ya serikali. Kwa England na Wales, nyumba hupata pauni 200, au pauni 300 kama yumo mwenye umri wa miaka 80 au zaidi. Anayepokea pensheni ya serikali kwa kawaida hulipwa bila kuomba.

Cold Weather Payment. Ni pauni 25 kwa kila siku 7 mfululizo ambazo wastani wa joto katika eneo lako ni nyuzi sifuri au chini yake, kati ya Novemba 1 na Machi 31. Hulipwa England, Wales na Ireland ya Kaskazini. Kama uko kwenye Universal Credit, unaipata ikiwa huna kazi na una mtoto wa chini ya miaka 5, au huna kazi na afya yako inakuzuia kufanya kazi. Ukiwa na mtoto mwenye ulemavu ambaye ameingizwa kwenye dai lako, unaipata hata kama unafanya kazi.

Warm Home Discount. Hii ni punguzo la pauni 150 kwenye bili ya umeme, mara moja kwa mwaka, kwa England, Wales na Scotland. Zamani familia nyingi zilikataliwa kwa sababu nyumba yao haikuhesabiwa kuwa ya gharama kubwa kuipasha joto. Sharti hilo liliondolewa katika majira ya baridi ya 2025 hadi 2026, na familia milioni 2.7 zaidi zikaweza kuingia. Sasa jambo kubwa ni mawili: uwe unapokea mafao yanayotolewa kwa kuangalia kipato, na jina lako au la mwenzi wako liwe kwenye bili ya umeme.

Scotland ina mipango yake. Badala ya Cold Weather Payment, watu wa kipato kidogo wanaotimiza masharti hulipwa mara moja kwa mwaka bila kusubiri barafu ianguke. Upo pia Child Winter Heating Payment, ulioanza mwaka 2020 kwa watoto wenye ulemavu mkubwa wanaohitaji uangalizi wa juu. Sasa ni zaidi ya pauni 250 kwa kila mtoto, na hauangalii mshahara wa mzazi.

Fedha za halmashauri. Tangu Oktoba 2021, halmashauri za England zimekuwa zikipewa fedha na serikali kuu za kusaidia familia zilizobanwa na bili na chakula. Kila halmashauri huweka masharti yake. Wengine hutoa vocha ya mita, wengine hutoa vocha ya duka.

Mvutano wa miaka miwili: nani alipwe?

Malipo ya joto ya wazee yalianzishwa mwaka 1997. Kwa zaidi ya robo karne karibu kila mzee aliyapata, tajiri na maskini. Julai 2024 Waziri wa Fedha, Rachel Reeves, alitangaza kuwa kwa England na Wales yangebaki kwa wazee wanaopokea Pension Credit au mafao mengine ya watu wa kipato kidogo. Wazee wapatao milioni 10 waliondolewa.

Hoja ya serikali ilikuwa nyepesi kueleweka: kwa nini kumlipia joto mzee mwenye nyumba mbili? Lakini tatizo lilikuwa mahali pengine. Serikali yenyewe ilikadiria kuwa hadi nyumba 880,000 zilistahili Pension Credit na hazikuwa zikiipokea. Baadhi ya wazee hawakujua kuwa ipo. Baadhi walishindwa na fomu ndefu, na wengine waliona aibu kuomba. Hao walikuwa maskini hasa, na sheria mpya iliwahesabu pamoja na matajiri. Waliokuwa na kipato kilichozidi kiwango kwa pauni chache nao walikosa kila kitu.

Baada ya malalamiko mengi, Juni 2025 serikali ilibadili msimamo. Sasa kila mzee aliyefikia umri hupokea malipo, na yule ambaye kipato chake binafsi kinachotozwa kodi kinazidi pauni 35,000 kwa mwaka hurudisha fedha hizo kupitia mamlaka ya kodi.

Kuna somo hapa linalomhusu mama kuliko linavyoonekana. Watu walibishana kuhusu nani anastahili. Kumbe swali la pili lilikuwa na uzito uleule: nani apewe kazi ya kuthibitisha? Mwaka 2024 maskini ndiye aliyetakiwa kujaza fomu na kujieleza. Mwaka 2025 fedha huja zenyewe, na mwenye kipato kikubwa ndiye anayefuatwa.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Humwachi mgonjwa ajitetee kwanza ndipo umpikie. Kwa wazee, serikali sasa imekaribia hekima hiyo. Kwa watoto bado.

Nani anaachwa nje?

Chukua mfano wa nyumba mbili, jirani kwa jirani. Ni mfano tu, lakini masharti ni ya kweli.

Katika nyumba ya kwanza wanaishi mume na mke wenye umri wa miaka 67. Kila mmoja ana kipato cha pauni 30,000 kwa mwaka. Wanapata pauni 200 za joto bila kuomba.

Katika nyumba ya pili anaishi mama mwenye mtoto wa miezi minane na mwingine wa miaka sita mwenye pumu. Anafanya usafi ofisini jioni na anaongezewa na Universal Credit. Kwa kuwa ana kazi, na pumu ya mtoto haijaingizwa kwenye dai lake, hapati Cold Weather Payment hata barafu ikae wiki tatu. Kama bili ya umeme iko kwa jina lake, anapata punguzo la pauni 150. Kama iko kwa jina la mwenye nyumba, anakosa hata hilo.

Hatusemi wazee wanyang'anywe. Mzee huumia kwa baridi kweli, na wengi wetu tuna bibi au babu tunayemwangalia. Tunasema kwamba orodha ya wanaodhurika na baridi na orodha ya wanaolipiwa joto hazifanani. Wafuatao ndio wanaodondoka mara nyingi:

- Mama anayefanya kazi kwa mshahara mdogo ana mtoto wa chini ya miaka 5.
- Familia ambayo kipato chake kimezidi kidogo kiwango cha Universal Credit, ingawa mtoto wao ana selimundu au pumu kali. Mafao ya ulemavu ya mtoto peke yake hayafungui mlango wa Warm Home Discount.
- Mpangaji ambaye bili imo ndani ya kodi ya pango.
- Mjamzito wa mimba ya kwanza. Mtoto akishazaliwa anaweza kuhesabiwa, lakini wakati wa mimba mara nyingi hahesabiwi.
- Familia ambayo viza yake inakataza fedha za umma. Mara nyingi wazazi wanafanya kazi na wanalipa kodi ya mapato, lakini hawawezi kuomba Universal Credit, na milango iliyo nyuma yake hufungwa pia.

Kwa hiyo nani anapaswa kustahili?

Kumlipa kila mtu kuna faida yake: hakuna fomu, hakuna aibu, hakuna anayesahauliwa. Ilifanyika majira ya baridi ya 2022 hadi 2023, bei za nishati zilipopanda sana, kila nyumba katika England, Wales na Scotland ilipopunguziwa pauni 400. Hasara yake ni kwamba fedha nyingi huenda kwa wasiozihitaji, na mwenye shida kubwa hupata sawa na asiye na shida.

Kumlipa maskini pekee hupunguza gharama, lakini huwaacha wasiojua kuomba na waliozidi kiwango kwa pauni moja. Kumlipa mtu kwa umri pekee hurahisisha kazi, lakini mtoto mchanga hawezi kusubiri miaka 66.

Sisi tunaona msaada wa joto uulize maswali matatu. Mwili: je, nyumbani yumo mtu ambaye baridi inaweza kumlaza hospitali? Nyumba: je, ni nyumba inayoshika joto, au joto linatoka madirishani? Mfuko: je, familia inaweza kulipa bila kupunguza chakula? Majibu mengi tayari yapo. Hospitali inajua mtoto yupi ana selimundu, kwa sababu watoto wachanga hapa hupimwa damu ya kisigino wakiwa na siku chache. Ofisi ya mafao inajua nyumba yupi ina mtoto wa chini ya miaka 5. Ofisi hizi zikiunganisha taarifa hizo kwa ruhusa ya mzazi, mama hatalazimika kusimulia ugonjwa wa mwanawe kwenye simu tano.

Na si ndoto. Sheria za kufunga mita za kulipia kabla, zile zinazofanana na LUKU ya Tanzania au tokeni za Kenya, zinaonyesha kuwa inawezekana. Tangu mwaka 2023 kampuni haziruhusiwi kufunga mita hizo kwa nguvu katika nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 2, au yenye mgonjwa ambaye afya yake inategemea joto. Selimundu imetajwa kwa jina katika mifano ya magonjwa hayo. Kama ugonjwa huo unatosha kuizuia kampuni, unapaswa pia kutosha kumpa mtoto joto.

Ufanye nini wewe, wiki hii?

1. Angalia kama unastahili Universal Credit, hata kama unafanya kazi. Wengi hudhani ni ya wasio na kazi tu. Kiasi kidogo cha Universal Credit kinaweza kukufungulia Warm Home Discount.

2. Mtoto akizaliwa, toa taarifa mara moja. Kama uko kwenye Universal Credit na mtoto mchanga hajaandikwa kwenye dai lako, mfumo haumjui, na Cold Weather Payment inaweza kukupita.

3. Kama mwanao ni mgonjwa, uliza kuhusu Disability Living Allowance. Haya ni mafao ya mtoto wa chini ya miaka 16, na hayaangalii mshahara wako. Kinachoangaliwa ni kama anahitaji uangalizi mwingi kuliko mtoto mwingine wa umri wake: unaamka usiku mara ngapi, unampa dawa mara ngapi, anakosa shule mara ngapi. Andika kwenye daftari kwa wiki mbili kabla ya kujaza fomu. Ukiyapata na uko kwenye Universal Credit, dai lako huongezewa fedha za mtoto mwenye ulemavu, na Cold Weather Payment hufunguka hata kama unafanya kazi. Scotland ina fao lake linalofanana na hili, Child Disability Payment.

4. Angalia jina kwenye bili. Kama mkataba wako unaruhusu, zungumza na mwenye nyumba ili akaunti ya umeme iwe kwa jina lako. Fanya hivyo mapema. Warm Home Discount hutazama jina lililokuwepo kwenye bili siku moja maalumu ya Agosti.

5. Jiandikishe kwenye Priority Services Register. Ni orodha ya kampuni ya umeme au gesi ya wateja wanaohitaji uangalizi zaidi. Ni bure. Unaweza kuingia ukiwa mjamzito, una mtoto wa chini ya miaka 5, kuna mgonjwa nyumbani, au Kiingereza kinakupa shida. Haikupi fedha, lakini umeme ukikatika unafikiriwa mapema.

6. Usinyamaze kuhusu bili. Pigia kampuni simu kabla deni halijakua, uombe mpango wa kulipa kidogo kidogo. Kama una mita ya kulipia kabla na salio linaisha, omba salio la dharura, kisha uliza halmashauri au benki ya chakula kuhusu vocha ya mita.

7. Mwambie mkunga, daktari wa familia au muuguzi anayemtembelea mtoto: "Nyumba yangu ina baridi." Mwongozo wa NICE unawataka wahudumu wa afya waulize jambo hili. Wasipouliza, sema wewe. Barua yao ina uzito mbele ya halmashauri na mwenye nyumba.

8. Bibi au babu anaishi nanyi? Kama hapokei pensheni ya serikali ya hapa, huenda akalazimika kuomba Winter Fuel Payment mwenyewe. Uliza pia kuhusu Pension Credit.

Ukungu ukutani si kosa lako

Desemba 2020 mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki mjini Rochdale. Wazazi wake walikuwa wamelalamika mara nyingi kuhusu ukungu katika nyumba waliyopanga. Novemba 2022 mahakama ya uchunguzi wa vifo ilisema kuwa ukungu huo ndio uliomletea ugonjwa wa kifua uliomuua.

Kutokana na kifo hicho ilitungwa Sheria ya Awaab, iliyoanza kutumika Oktoba 27, 2025 kwa nyumba za halmashauri na mashirika ya makazi nchini England. Hatari ya dharura lazima ishughulikiwe ndani ya saa 24. Unyevu na ukungu wenye hatari kubwa lazima uchunguzwe ndani ya siku 10 za kazi, kisha nyumba ifanywe salama ndani ya siku 5 za kazi. Kwa hiyo lalamika kwa maandishi, piga picha, andika tarehe, na utaje kuwa nyumbani kuna mtoto. Kama umepanga kwa mtu binafsi, sheria hii bado haijakufikia, lakini halmashauri inaweza kuja kukagua nyumba.

Kupata joto bila kuhatarisha maisha

- Usiingize jiko la mkaa ndani, hata kwa dakika chache. Waliozoea jiko wakati wa baridi ya Limuru au Njombe wanajua utamu wake, lakini nyumba za hapa hufungwa madirisha. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wakiwa usingizini. Weka king'ora chake kama una jiko la gesi au boila. Wote wakiumwa kichwa kwa pamoja, tokeni nje mara moja. Namba ya dharura ya gesi kwa England, Wales na Scotland ni 0800 111 999.
- Usimfunike mtoto mchanga kupita kiasi. Chumba chake kinafaa kuwa kati ya nyuzi 16 na 20. Joto jingi humweka kwenye hatari ya kifo cha ghafla usingizini. Mlaze chali, bila mto, bila blanketi zito, bila kofia ndani ya nyumba, bila chupa ya maji moto. Gusa kifua au kisogo chake, maana mikono ya mtoto huwa baridi hata akiwa sawa.
- Kama fedha hazitoshi nyumba nzima, pasha joto chumba mnachokaa jioni na chumba anacholala mtoto au mgonjwa. Funga milango yake na ziba upepo chini ya mlango.
- Usianike nguo zote kwenye chumba cha kulala. Fungua dirisha dakika chache baada ya kupika au kuoga ili unyevu utoke.

Maswali ambayo mama huuliza

Nikiomba msaada, nitaharibu viza yangu? Angalia kwanza kibali chako. Kama kimeandikwa kuwa huruhusiwi kupokea fedha za umma, kuomba mafao yaliyokatazwa kunaweza kukuletea matatizo. Pata ushauri wa bure kwa mshauri wa uhamiaji anayetambuliwa au kwa Citizens Advice. Kujiandikisha kwenye orodha ya kampuni ya umeme hakuna sharti la viza. Na kama mtoto wako yuko katika shida kubwa, sheria ya watoto ya England ya mwaka 1989 inaipa halmashauri wajibu wa kumwangalia mtoto huyo, hata kama mzazi hana haki ya mafao.

Je, nikipokea msaada wa joto, mafao yangu mengine yatapunguzwa? Hapana. Winter Fuel Payment, Cold Weather Payment na Warm Home Discount hazipunguzi mafao yako mengine.

Nimepokea ujumbe wa simu unaosema nibofye niombe malipo ya joto. Ni kweli? Usibofye. Serikali haiombi namba zako za benki kwa ujumbe wa simu ili ikupe malipo haya.

Mwisho

Sheria zitabadilika tena. Mwaka 2025 zilibadilika kwa sababu wazee walisema kwa sauti kubwa, wakasikika. Watoto hawana sauti hiyo, wana yako. Ukimaliza kusoma, fanya jambo moja tu leo: tazama jina kwenye bili yako, au mwambie mkunga kuwa nyumba ina baridi. Kisha mtumie ukurasa huu mama mwingine, yule unayejua kuwa usiku wa leo anaangalia mita.